Mtoto Asiyetofautisha Rangi: Maswali Ambayo Wazazi na Walimu wa Nairobi Huniuliza

Ninafundisha madarasa ya chini katika shule moja ya Eastlands, na nyumbani nina mvulana wa miaka 11 ambaye kwake nyanya mbivu na nyanya mbichi ni nyanya tu. Kwa hiyo maswali haya hunipata pande zote mbili. Wazazi hunivuta kando siku ya kuchukua ripoti, na walimu wenzangu huniuliza tukinywa chai ya saa nne. Nimeyaandika yalivyoulizwa, mengine kwa maneno ya muulizaji mwenyewe.

Nitajuaje kama mwanangu hatofautishi rangi au hajazijua tu?

Yaangalie makosa yake. Mtoto ambaye bado anajifunza hukosea ovyo ovyo: leo buluu ameiita manjano, kesho ameiita nyeupe. Mtoto asiyetofautisha hukosea palepale kila siku. Buluu na manjano hazimsumbui. Kijani, kahawia, nyekundu na rangi ya chungwa ndizo zinazomchanganya. Zambarau ataiita buluu, na waridi hafifu ataidhania kijivu. Ukiona shina la mti limepakwa kijani na majani yake kahawia, tena kwa uangalifu mkubwa bila kutoka nje ya mstari, usimwite mvivu. Huyo amefanya kazi yake vizuri kwa macho aliyopewa.

Dalili nyingine ziko kwenye tabia. Husubiri jirani achukue krayoni kwanza, halafu naye achukue kama ile. Huchungulia maandishi ya kwenye karatasi ya krayoni hata kabla hajajua kusoma sawasawa. Hupenda kuchora kwa penseli lakini huchukia kupaka. Wangu alikuwa akisema "nimechoka" kila kisanduku cha rangi kilipofunguliwa, nami nikamwamini kwa mwaka mzima. Mwalimu mzima!

Kiswahili nacho husaidia kulificha jambo hili. Vivumishi vyetu halisi vya rangi ni vitatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Zilizobaki tumeziazima kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, chungwa na zambarau ni matunda, waridi ni ua, manjano ni kiungo cha mchuzi, samawati ni mbingu. Mtoto akishakijua kitu, rangi yake ameshaambiwa. Mwonyeshe jani umuulize ni la rangi gani, atakujibu barabara, kwa sababu jibu umemtia mkononi pamoja na swali. Mwanangu alifika miaka sita na nusu akipita mitihani yangu yote ya nyumbani kwa njia hiyo. Siku nilipomwekea vifuniko vya chupa za soda mezani nikamwambia avigawe kwa rangi, akavigawa mafungu mawili, nami nilikuwa nimehesabu manne. Basi ukitaka kupima nyumbani, tumia vitu visivyo na rangi ya kuzaliwa nayo: vifuniko, soksi, vifungo vya nguo, nyuzi za kufuma.

Je, ataishia kuwa kipofu?

Hapana. Jina "upofu wa rangi" limetuletea hofu ya bure. Mama mkwe wangu alipolisikia aliketi kwanza, ndipo akauliza shule za vipofu ziko wapi. Hali ya kuzaliwa nayo haizidi wala haipungui, na haina uhusiano na kuona mbali au karibu. Mwanangu husoma nambari ya matatu ikiwa bado iko ng'ambo ya mzunguko, kabla yangu mimi mwenye miwani.

Jambo moja tu la kushika: mtu aliyekuwa akiona rangi vizuri kisha zikaanza kufifia, au jicho moja likaona tofauti na lingine, huyo ni mgonjwa na aende hospitali wiki hiyohiyo. Ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaweza kuathiri mshipa wa fahamu wa jicho, na kuchanganya nyekundu na kijani huwa miongoni mwa ishara za mwanzo. Anayeitumia akiona hivyo amwambie daktari wake mara moja, asiache dawa kimyakimya.

Anaona nini hasa? Kila kitu ni kama televisheni ya zamani?

Wachache mno duniani ndio wanaoona nyeusi, nyeupe na kijivu pekee, na hao huwa na dalili nyingine kubwa: jua huwaumiza macho, hukunja uso wakitoka nje, na hawaoni vizuri mbali. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kofia, miwani ya jua na daktari wa macho wa karibu.

Wengi waliobaki wanaona rangi, ila chache kuliko zetu. Nyuma ya jicho kuna chembe za aina tatu zinazopokea mwanga: moja husikia zaidi mawimbi marefu, nyingine ya kati, nyingine mafupi. Ubongo hulinganisha taarifa za hizo tatu ndipo ukapata rangi. Kwa watoto wengi tunaowazungumzia, aina ya kwanza au ya pili haipo, au ipo lakini imesogea ikakaribiana mno na mwenzake. Kwa hiyo eneo lote la nyekundu hadi kijani hubanwa likawa kama ukoo mmoja wa hudhurungi na manjano-manjano.

Kuna tofauti ambayo walimu hawaijui na ina maana kubwa. Ikiwa kasoro iko kwenye chembe za mawimbi marefu, nyekundu huonekana pia ya giza, karibu na nyeusi. Nyekundu juu ya nyeusi hupotea kabisa. Kumbuka hilo unapoikamata chaki nyekundu.

Imetoka wapi? Upande wa baba wanasema kwao hakuna kitu kama hicho.

Huenda wanasema kweli, na bado si kosa la mtu. Jeni za chembe za mawimbi marefu na ya kati ziko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za urithi tunazopewa na wazazi. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Ikiwa ina kasoro, hana ya akiba. Msichana ana mbili, na nzima moja humtosha. Ndiyo maana mama anaweza kuibeba hali hii maisha yake yote bila kujua, akaona rangi zote, kisha kila mwana wa kiume anayemzaa akawa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Baba asiyetofautisha rangi hampi mwanawe wa kiume hali hii, kwa kuwa humpa kromosomu Y, si X. Huwapa binti zake wote jeni hiyo, nao huipeleka mbele kwa wajukuu.

Fuata mstari huo kwetu utaufikia mlango wa marehemu baba yangu. Alikuwa akitumwa soko la Marikiti analeta nyanya ngumu kama mawe, mama anagomba, nasi watoto tukaamini kwamba mzee hununua za bei rahisi. Alivaa soksi moja ya kahawia na moja ya kijani kwenda kanisani. Hakuna aliyewahi kumpima. Nilimwelewa miaka mingi baada ya kumzika, nikiwa nimeketi na mwanangu kwenye benchi la kliniki.

Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana hali hii, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa watu wenye asili ya Afrika kiwango huwa chini ya hapo, lakini shule yenye wavulana mia kadhaa haimkosi mtoto kama huyu. Mwalimu akikuambia hajawahi kumfundisha hata mmoja, ujue amewafundisha bila kuwatambua.

Apimwe wapi, na akiwa na miaka mingapi?

Kuanzia miaka minne hivi mtoto anaweza kupimwa, akiwa mtulivu. Kipimo kinachojulikana zaidi kilitungwa na daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917: kurasa zenye nukta za rangi, na ndani yake nambari imefichwa. Toleo kamili lina kurasa 38. Kwa mtoto asiyejua nambari kuna kurasa ambazo badala ya kusoma hufuata njia kwa kidole.

Kliniki ya macho ya Hospitali ya Kenyatta au hospitali ya macho ya Kikuyu ni mahali pa kuanzia. Ukifika, taja waziwazi kwamba unataka kipimo cha rangi. Chati ya herufi pekee haigundui kitu hapa. Mwanangu aliisoma hadi mstari wa chini kabisa katika kituo kimoja, tukarudishwa nyumbani tukiambiwa macho ni mazima. Omba barua ya matokeo, ufanye nakala tatu. Moja ya mwalimu wa darasa, moja ya mwalimu mkuu, moja ibaki na wewe maana hizo mbili zitapotea. Kama mtoto ana matatizo mengine ya kujifunza na hujui kipi ni kipi, taasisi ya elimu maalumu ya KISE pale Kasarani hufanya tathmini ya mtoto kwa jumla.

Vipimo vya kwenye simu visikupe uamuzi. Kila kioo cha simu kina rangi zake, na mwanga wa chumba hubadilisha mambo.

Kuna dawa? Na ile miwani inayotangazwa mtandaoni?

Dawa hakuna. Karoti ni chakula kizuri, lakini hazijengi chembe ambazo hazikuzaliwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba waliwatia nyani wadogo waliokomaa jeni iliyokosekana, wakaanza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa binadamu matibabu ya namna hiyo hayajafika kliniki.

Miwani hukata sehemu ya mwanga ili rangi mbili zilizofanana zitengane kidogo. Baadhi ya watu huifurahia. Lakini haimfanyi mtu aone kama wengine, na haisaidii kila aina ya kasoro. Kwa bei yake, mimi nilinunua meza ya kusomea.

Mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) analalamika kwamba mtoto anakataa kupaka rangi.

Mtoto wa miaka minne anayeambiwa kila asubuhi kwamba amekosea, bila kuona kosa lenyewe, atakataa. Hata wewe ungekataa. Kwanza acheni swali la "hii ni rangi gani?" Shangazi, mjomba na wageni wote hulipenda, na kwa huyu mtoto ni mtego tu. Mwambie wewe: "Nimekuletea kikombe chako chekundu." Jina la rangi alipate kama habari, asilipate kama mtihani.

Kisha tieni alama kwenye krayoni. Mimi nilijifunza hili kwa kukosea. Nilichukua mkanda wa karatasi nikaandika herufi ya kwanza ya kila rangi, nikajipongeza, nikalala. Kesho yake mtoto ananiuliza, "Mama, hii K ni K gani?" Kijani, kahawia, kijivu: zote K, na ndizo hasa zinazomchanganya! Kiingereza nacho kina B zake tatu, kwa hiyo hakikutuokoa. Sasa tunaandika KJ, KH na KV. Nyekundu ni NK, nyeusi NS, nyeupe NP. Kwa mtoto asiyejua herufi, chora kitu: jani kwa kijani, mwiko kwa kahawia, moto kwa nyekundu. Alama iwe upande wa nyuma wa krayoni, kwa kuwa mbele huchongwa na karatasi huchanwa mwezi wa kwanza.

Na akipaka mbwa wa kijani, mwache mbwa apite. Somo la sanaa lina mengi ya kupima: mstari, umbo, kivuli, wazo.

Mimi ni mwalimu, nina wanafunzi sitini. Nitabadilisha nini bila kuongeza kazi?

Jiwekee kanuni moja: rangi isibebe ujumbe peke yake. Popote ulipotumia rangi, ongeza kitu cha pili, iwe neno, umbo, mstari au mahali. Ukiishika hiyo, mengine utayagundua mwenyewe.

Chaki kwanza. Nyeupe na manjano huonekana na kila mtu. Nyekundu, kijani na kahawia kwenye ubao mweusi au wa kijani ni kama kuandika kwa maji. Ukitaka kutenga viambishi katika neno, pigia mstari au zungushia duara. Kalamu nyekundu ya kusahihisha haina ubaya mkubwa kwa sababu alama ya vema na ya kosa zina maumbo tofauti, ila maelezo mafupi uliyoandika kwa wino mwekundu juu ya penseli yake huenda asiyaone kabisa. Andika pembeni.

Vikundi vya darasani vipeni majina ya wanyama au mito. "Kikundi chekundu njooni mbele" humfanya abaki ameketi, nawe unasema hasikii. Siku ya michezo, nyumba nyekundu na nyumba ya kijani zikishindana kupokezana vijiti, mtoto anaweza kumpa kijiti mpinzani. Nimeona kwa macho yangu, na uwanja mzima ulicheka. Waambie wa nyumba moja wavae ukanda au fulana yenye mstari.

Kwenye jamii na jiografia kuna ramani. Katika ramani za mandhari za Kenya, kontua ni za kahawia na misitu ni ya kijani, kwa hiyo mtoto huyu anakutana na mlima uliovikwa msitu na kontua zake zimemezwa. Mpe muda wa kupitisha kidole, au mchoree upya sehemu hiyo kwa penseli. Chati za pai na grafu ziwe na mistari ya mkato na nukta ndani ya kila kipande. Cha kushangaza, karatasi zilizotolewa nakala kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe mara nyingi humsaidia, kwa kuwa hakuna mtu darasani anayebaki na rangi za kutegemea. Ila swali lisiendelee kusema "tazama sehemu nyekundu".

Bendera ya taifa ni somo zuri la kuanzia. Kila mtoto wa Kenya huichora. Mistari yake haibadilishi mahali: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na nyeupe nyembamba zikitenganisha. Mfundishe kwa mpangilio, na maana ya kila mstari, watu, damu na ardhi, na hatakosea hata akiwa amefumba macho.

Na tafadhali, usimtangaze. Mwalimu mmoja, wa shule niliyoacha kuitaja jina, alimsimamisha mwanangu mbele ya darasa akamwonyesha kalamu moja baada ya nyingine ili "wenzake waelewe". Hakutaka kwenda shule wiki mbili.

Na maabara? Mtoto wangu yuko shule ya upili na anapenda kemia.

Hapa ndipo pa kukaa chonjo, kwa kuwa kemia ya vitendo imejengwa juu ya rangi.

Karatasi za litmasi, nyekundu na buluu, wengi huzimudu. Iodini kwenye wanga hubadilika kuwa buluu-nyeusi, giza linaonekana, hakuna shida. Kitendanishi cha Benedict, kimiminika cha kupimia sukari, hutoka buluu kikapitia kijani, manjano, chungwa hadi rangi ya tofali. Mwanzo na mabadiliko atayaona, lakini kusema imefika chungwa au tofali ni kubahatisha. Hidroksidi ya sodiamu ikitiwa kwenye chumvi za chuma, chuma cha aina ya pili hutoa mashapo ya kijani chafu na cha aina ya tatu hutoa kahawia nyekundu. Kwa mtoto huyu ni tope moja. Moto wa kalsiamu ni wa rangi ya tofali na wa shaba ni wa kijani. Nayo hiyo ni kizungumkuti.

Kwenye kupima asidi kwa besi tone kwa tone (titration), fenolfthaleini ni rafiki yake kuliko methili ya chungwa. Ya kwanza hutoka isiyo na rangi ikawa ya waridi, yaani kuna kitu au hakuna kitu. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa. Ya pili hutoka manjano kwenda nyekundu kupitia chungwa, na hapo atapitiliza tone.

Mazoezi ya kila siku yafanyike wawili wawili, mwenzake ataje rangi, yeye afanye hesabu na kueleza sababu. Kuhusu mtihani wa taifa, baraza la mitihani, KNEC, huwa na mipango kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na ombi hupitia shuleni. Mwone mwalimu mkuu mapema, mwaka mmoja kabla, ukiwa na ile barua ya daktari. Wiki ya mtihani ni kuchelewa.

Nimtume sokoni?

Mtume. Nyanya aibonyeze kidogo kwa kidole gumba: mbivu hulegea, mbichi hugoma. Ndizi ainuse, atafute madoa meusi. Parachichi alitikise asikie kokwa. Sukuma wiki iliyozeeka huinama na kukauka pembeni kabla haijabadilika rangi. Mama mboga wetu wa Umoja anamjua, humwambia, "Hizi za leo, baba, hizi za kachumbari." Pilipili hoho nyekundu na za kijani ndizo zilizomshinda, na kusema kweli hatujawahi kuhitaji kumtofautishia.

Nyama ndiyo ya kuangalia. Anayepika asitegemee wekundu kuondoka. Akate kipande kinene akibonyeze atazame kama maji yanayotoka ni meupe au bado yana giza, na ahesabu muda. Chaja zenye taa moja inayogeuka nyekundu kuwa kijani nazo humchezea. Nunua ile yenye taa mbili, au aangalie asilimia kwenye simu.

Barabarani je?

Taa nyekundu iko juu, kijani iko chini, ya kahawia-manjano katikati. Ajifunze mahali. Ile ya waenda kwa miguu ina mtu aliyesimama na mtu anayetembea. Na kwa kuwa jijini mara nyingi askari ndiye anayeongoza kwa mikono huku taa zikiwaka zinavyotaka, na bodaboda hawafuati chochote kati ya hivyo viwili, aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena kama mtoto mwingine yeyote.

Nguo?

Shona uzi mdogo ndani ya ukosi: fundo moja buluu nzito, mafundo mawili nyeusi, matatu damu ya mzee. Soksi nunua za rangi moja dazeni nzima.

Wenzake humzunguka wakimuuliza, "Shati langu ni la rangi gani?"

Hilo litatokea, na halitaisha kwa wewe kwenda kugombana langoni. Mpe jibu la mfukoni. Wangu hujibu, "Ni chafu," na mchezo unaishia hapo.

Mweleze pia habari za John Dalton, yule wa nadharia ya atomi anayefundishwa katika kemia. Mwaka 1794 alisoma mbele ya wasomi wa Manchester maelezo ya namna yeye mwenyewe alivyoona rangi, mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa ya kisayansi kuhusu jambo hili. Aliamini kwamba maji ya ndani ya macho yake yalikuwa ya buluu, akaagiza yachunguzwe akifa. Alifariki mwaka 1844, jicho likapasuliwa, maji yakakutwa meupe kama ya mtu yeyote. Mabaki yakahifadhiwa, na mwaka 1995 vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba alikosa chembe za mawimbi ya kati. Mwanangu alipenda zaidi habari ya jicho kupasuliwa, na akaisimulia shuleni akiwa na nyongeza zake.

Kuna kazi asizoweza kufanya?

Zipo. Rubani, nahodha wa meli na dereva wa treni lazima wathibitishe kwamba wanatambua rangi zinazohitajika kwa usalama, na kwa baadhi yao kipimo kinachofuata Ishihara huweza kuwaruhusu wenye kasoro ndogo. Heri ajue mapema, kabla hajachagua mkondo baada ya Gredi ya 9, kuliko kukataliwa akiwa na tiketi ya ndoto mkononi. Fundi wa stima anaweza kuwa, ila kwa tahadhari. Nyumba za zamani zina nyaya nyekundu, nyeusi na za kijani, mseto mbaya kabisa kwake. Nyaya za siku hizi ni kahawia, buluu, na ya ardhini yenye kijani na manjano kwa mistari, ambayo huitambua kwa mistari yenyewe. Kwa vyovyote atumie kipimaumeme, na asiguse kwa kubahatisha.

Udaktari, ualimu, sheria, uhasibu, ukulima, uandishi wa programu: milango iko wazi. Hata usanifu wa picha, kwa sababu kompyuta humpa kila rangi kwa nambari.

Simu inaweza kumsaidia?

Ndiyo. Kwenye sehemu ya ufikivu ya mipangilio ya simu nyingi kuna usahihishaji wa rangi, na unachagua aina ya kasoro yake. Grafu na michezo huwa nafuu. Zipo pia programu za kamera zinazotaja jina la rangi unayoielekezea, bora kwa nguo kuliko kwa nyanya.

Dada yake naye apimwe?

Kama baba anaona rangi vizuri, binti karibu hakika naye anaona, ingawa anaweza kuwa amebeba jeni. Akishakuwa mkubwa mwambie, ili siku mwanawe atakapopaka majani ya mti rangi ya kahawia asipoteze mwaka mzima kama mimi.

Mtoto anapenda mpira. Atawezaje kufuata mechi?

Inategemea jezi. Mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la mwaka 2018 iliikutanisha Urusi kwa nyekundu na Saudi Arabia kwa kijani, na mashabiki wengi wasiotofautisha rangi duniani walilalamika kwamba waliona timu moja ya watu 22. Kwenye uwanja wa mtaani, bibu za manjano dhidi ya fulana za buluu zinatosha. Debi ya Gor Mahia na AFC Leopards haimpi shida yoyote, kijani kwa buluu na nyeupe. Shida yetu ni kwamba nyumba nzima ni Ingwe, yaani Leopards, naye amejiunga na Kogalo, yaani Gor, na kwa hilo daktari wa macho alisema hawezi kutusaidia.